Viatu Vinne vya Chuma

Mashine ilifika bila viatu vyake. Ililetwa kwa mkokoteni kutoka upande wa viwandani, wanaume sita wakivuta na kusukuma, nguzo mbili za chuma zimelazwa juu na mikono minne imefungwa kwa kamba za katani. Mzee wangu alikuwa anatembea nyuma, kofia mkononi, anakodolea kila shimo la barabara kana kwamba angelifukia kwa macho. Mimi nilisimama mlangoni na mwiko wangu. Nilikuwa nimeshasema yote wiki iliyotangulia na hakuna aliyenisikia.

Hiyo ni miaka ya tisini, mtaa wa Umoja, kwenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba yetu. Mwenye ploti alikuwa na kinu cha kusagia mahindi pale kabla hakijamshinda. Kinu kikaondoka, stima yake kubwa, ule umeme wa kuendesha mashine, ikabaki. Mzee alipoiona ile stima, akaona gereji.

Mzee ninayemsema ni mume wangu. Alitengeneza mabasi ya kampuni moja kwa zaidi ya miaka ishirini, na kutengeneza mabasi maana yake ni kulala chini ya mabasi. Alilala juu ya simiti, juu ya boksi lililokunjuliwa, na wakati wa mvua alilala juu ya maji. Kisha kampuni ikapunguza watu, kama zilivyopunguza nyingi miaka ile, naye akarudi nyumbani na barua, pesa kidogo ya kumuaga, na mgongo ulioharibika. Asubuhi nilikuwa namvalisha soksi. Mwanaume mkali, ambaye zamani hakukubali hata nimshikie koti, sasa ananyoosha mguu kitandani na kuangalia ukuta mpaka nimalize.

Daktari alimwambia asilale tena kwenye simiti. Alisema kwa wepesi, kama mtu anayekwambia upunguze chumvi. Basi yakabaki mambo mawili. Ama mzee afanye kazi amesimama, gari likiwa juu ya kichwa chake, ama arudi nyumbani kwetu magharibi akakae kwenye kiti mbele ya nyumba, awe anasalimia wapita njia. Kaka zake wawili walirudi hivyo baada ya kazi zao za mjini. Hakuna aliyemaliza miaka mitatu. Hawakuugua kitu cha kutajwa jina. Walikaa tu, halafu tukaitwa kwenda kuwazika. Mzee aliyajua hayo na mimi niliyajua, na hatukuyazungumza. Ndiyo maana pesa ya kuagwa ilienda yote kwenye mashine kuukuu ya kuinulia magari, iliyotoka kwenye gereji iliyofungwa.

Sasa nieleze hivyo viatu. Mashine ile ina nguzo mbili, kila nguzo ina mikono miwili. Mikono inaingizwa chini ya gari, unabonyeza kitufe, inapanda na gari. Mwishoni mwa kila mkono kuna tundu la mviringo, na kwenye tundu kunakaa kipande cha chuma chenye kichwa, ndicho kinachogusa gari. Sisi tuliviita viatu. Vya kwake vilikuwa vimepotea huko vilikopotelea. Na hata vingekuwapo, vilikuwa vifupi, vya magari madogo ya wenye ofisi. Magari tuliyotazamia sisi ni yale ya abiria, ambayo mifupa yake ya chini, yaani chesisi, imejificha ndani, na ngazi ya kupandia inaning'inia chini kuliko chesisi. Mkono ukipanda bila kiatu kirefu, unaanza kuvunja ngazi.

Mafundi wa jirani walikuja kutazama, mikono mfukoni. Wote wakasema neno moja: weka mbao. Mzee akatafuta gogo, akaanza kulikata vipande vinne.

"Hizo mbao hutaziweka," nikamwambia.

"Mbao inabeba nyumba."

"Nyumba haitikiswi. Gari ukilifungua nati linatikisika. Kule chini barabarani si mbao ilipasuka gari likalala ubavu?"

"Hakuumia mtu."

"Kwa sababu fundi alikuwa ameenda kunywa chai. Wewe chai hunywi."

Akatupa msumeno. "Sasa nifanye nini, mama? Nimeleta mashine, unataka viatu. Nikileta viatu utataka soksi."

"Soksi nakuvalisha kila siku. Viatu nitatengeneza mimi."

Alicheka, halafu akashika mgongo kwa sababu kucheka kulimuuma.

Hakucheka sana, kwa kuwa alinijua. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, lakini vyuma nilivisoma. Miaka mingi nilinunua vyuma vikuukuu kwa watu, mlango kwa mlango, nikaviuza kwa wenye malori. Yeye alijua injini. Akisikia gari linapita nje alikuwa anajua linaumwa wapi. Mimi nilijua chuma chenyewe, kipi kinapinda na kipi kinavunjika bila kukuaga.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupata kipimo cha tundu. Rula ilikuwapo nyumbani, ila mzee alisoma inchi, fundi wa kuchomelea alisoma milimita, na mimi sikuamini mojawapo. Nilichukua kipande cha sabuni ya kufulia, ile ya mche, nikakichonga kwa kisu. Nachonga, naingiza kwenye tundu, natoa, nachonga tena, mpaka sabuni ikaingia pole pole na kukataa kutikisika. Nikaijaribu kwenye matundu yote manne. Matatu yalikuwa sawa, la nne lilikuwa limelika kidogo, nikalitia alama ya mkaa nisilisahau. Nikaifunga sabuni kwenye nailoni isikauke ikasinyaa, nikaitia kifuani ninapoweka nauli.

Nilikwenda kwenye uwanja wa vyuma upande wa Eastleigh, mahali nilipokuwa nikiuza zamani. Kulikuwa na muuzaji mpya, mtu wa tumbo, hanijui. Nikatoa sabuni nikaanza kuilinganisha na vyuma vyake.

"Mama, umekuja kuoga?"

"Nimekuja kutafuta eksili ya lori yenye unene huu."

"Eksili ya nini? Chukua hili gurudumu la kinu. Angalia uzito. Hili halivunjiki mpaka Yesu arudi."

Nikaligonga gurudumu kwa jiwe. Likatoa mlio mfupi, likanyamaza. Nikagonga kipande cha eksili, ule mhimili wa magurudumu, kilichokuwa chini yake, kikalia, kikaendelea kulia hata baada ya mimi kuondoa jiwe.

"Hilo lako ni chuma cha kumiminwa," nikamwambia. "Ni kizito kama wewe, na kikianguka kinapasuka kama sahani. Nipe hiki kinacholia."

Vijana wa pale walimcheka siku nzima, nadhani. Nilipata eksili, na nikapata kipande cha chesisi ya lori lililokatwakatwa, chuma kinene chenye umbo la mfereji, kina sakafu na kuta mbili. Hicho ndicho nilichotaka kwa vichwa vya viatu. Gari likikaa, chesisi yake iingie ndani ya mfereji, kuta zizuie isiteleze kushoto wala kulia. Nilibeba gunia hilo kichwani, nikishuka na kupumzika kila baada ya nguzo chache za stima. Nilifika nyumbani shingo imeingia mabegani. Hakuna aliyeniambia pole, na mimi sikuingoja.

Fundi wa kuchomelea alikuwa mtu wa makamo, Mwislamu, mzaliwa wa Eastleigh, kazi yake mageti na madirisha. Alinitazama, akatazama gunia.

"Mama yangu, hii ni kazi ya kiwanda."

"Kiwanda kiko mbali."

"Na ikiachia?"

"Ikiachia si wewe utakayekuwa chini."

"Ndiyo maana nauliza. Mageti yangu yakianguka yanaangukia kuku."

Lakini alikuwa fundi wa kweli. Alikata eksili vipande vinne viwe miguu ya viatu, urefu wa kiganja na vidole viwili. Kabla ya kuchomelea vichwa juu yake alinoa kingo kwa grainda ili moto uingie ndani, maana wapo wanaopaka juu juu tu, kazi inapendeza na haishiki. Kiatu cha tundu lililolika akakivisha pete nyembamba ya bati gumu ili kikae sawa. Alipomaliza kila kiatu, nilikigonga kwa nyundo nikatega sikio. Viwili nilimrudishia.

"Mama," akasema, akifuta jasho, "huko nyumbani mzee wako anapumua saa ngapi?"

"Anapumua nikienda kanisani. Rudia."

Akarudia. Makanga mmoja, yule wa kukusanya nauli, aliyekuwa anasubiri dirisha la gari lake litengenezwe akaona vile viatu vimepangwa chini, akanisalimia kwa lugha yao ya vijana.

"Mathe, niaje! Hizo ni viatu za ndovu?"

"Leta mguu tujaribu," nikamwambia. Akaenda kusimama mbali.

Ndani ya kila mfereji tuliweka mpira uliokatwa kwenye tairi la lori, umefungwa na bolti ambayo kichwa chake kimezama ili kisiguse gari. Mpira ndio unaoshika. Chuma kwa chuma kinateleza, kila mtu wa gereji analijua hilo, na mimi nililijua.

Tuliinua gari dogo la jirani kujaribu. Likapanda taratibu, viatu vikakaa, mzee akaingia chini yake. Alisimama amenyooka. Sikuwa nimemwona amenyooka kwa muda mrefu kiasi kwamba nilishangaa urefu wake, na yeye si mrefu. Akainua mkono, akagusa tumbo la gari, akatoka, akaenda nyuma ya ukuta. Nilimwacha huko. Mtu ana haki ya ukuta wake.

Ningekuwa mtu wa kuridhika, kazi ingeanza Jumatatu ile na nisingekuwa na cha kuandika.

Kwetu kitu cha kazi hakianzi kazi kabla hakijaombewa. Pastor wa kanisa letu alikubali kuja Jumapili baada ya ibada, na kanisa lote nyuma yake, na gari la kwanza liwe basi dogo la kanisa, lile lililokuwa linatupeleka magharibi kwenye mazishi. Mimi nilikuwa kiongozi wa akina mama. Wiki ile yote nilivitazama vile viatu vyangu, vyeusi, vimeungua, vina mipira ya tairi iliyobeba matope ya barabara zote za Kenya na kunuka. Nikawaona akina mama wenzangu na vitambaa vyao vyeupe wakivizunguka. Nikaona haya. Kitu kinacholetwa mbele za Mungu hakiletwi kama sufuria ya msiba.

Ijumaa nilifungua bolti zote nikatoa mipira. Nikanunua rangi ya fedha, ile ya mageti, nikapaka mara mbili, nje na ndani ya mfereji. Ilikuwa Julai, baridi, jua halijatoka siku tatu. Viatu vikang'aa.

Fundi wa kuchomelea alipita Jumamosi kuchukua nyundo yake.

"Mama, mipira iko wapi?"

"Nitairudisha Jumatatu."

"Mpira si pambo."

"Ndiyo maana nimeutoa."

Akanitazama kidogo, akachukua nyundo, akaenda. Alikuwa amenizoea.

Jumapili wakaja, ngoma mbele. Basi likaingizwa katikati ya nguzo, mzee akapanga mikono, akachungulia kila kiatu kutoka mbali kwa sababu kuinama kulimshinda. Akaona kinang'aa, hakuona zaidi. Akabonyeza kitufe. Basi likapanda, akina mama wakapiga vigelegele, na mzee akaliacha lipande mpaka likapita kichwa chake. Kisha akavua kofia akaingia chini yake. Alitaka watu wamwone amesimama. Walikuwa wamemwona mwaka mzima akiingia kanisani kwa ubavu ubavu.

Pastor akaomba kwa muda. Halafu akasema, "Ndugu zangu, tukiwekee mikono chombo hiki."

Hilo sikulitazamia. Na lilikuwa jambo la kutazamia, maana sisi tunawekea mikono kila kitu, mtoto, ng'ombe, cherehani. Watu thelathini wakasogea, wakanyoosha mikono juu, wakashika ubavu na makalio ya basi. Na kanisa letu haliombi limetulia. Watu wanatetemeka, wanasukuma, wanavuta. Basi likaanza kwenda na maombi. Niliona kiatu cha nyuma kikitoa rangi pembeni, laini, bado mbichi, kama uji. Nikafungua mdomo. Basi likateleza kwenda mbele, urefu wa mkono mzima kutoka kiwiko hadi vidole, kwa sauti ya chuma ambayo nikiisikia leo hata kwa mbali nakaa chini. Kuta za mfereji zilizuia lisiende kando. Mbele, chuma kinachokatiza chesisi kikagonga kiatu na kukwama hapo. Basi likasimama, likiwa limeinama puani.

Watu walitawanyika. Pastor alikuwa ameshafika barabarani na Biblia yake. Mzee peke yake ndiye hakukimbia, kwa sababu mgongo wake haukujua tena kukimbia. Alisimama chini ya lile basi, mikono ameiinua juu ya kichwa, mmoja umeshika kiatu, kana kwamba ingelizuia. Nilimwendea nikamshika ukosi nikamvuta nje. Mkono wake wa kulia ulikuwa na rangi ya fedha mpaka kwenye kifundo.

Basi lilishushwa kwa jeki nne na wanaume wa kanisa, kidogo kidogo, mpaka alasiri. Hakuna aliyeumia. Pastor akarudi, akasema, "Shetani amejaribu, ameshindwa." Watu wakasema amina. Mimi sikusema. Shetani hakununua ile rangi.

Jumatatu mzee hakuigusa mashine. Alilivuta gari la mteja nje, akaliinua kwa jeki, akakunjua boksi, akalala. Nilisimama juu yake nikiona miguu yake tu imetokeza. Jumanne vilevile. Wiki ya pili alikuwa halali tena, alikuwa anatambaa, na kutoka chini ya gari kulimchukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Asubuhi, nikimvalisha soksi, mguu ulikuwa hauinuki, niliuinua mimi.

Siku moja ya kazi nilimkuta amekaa kwenye kizingiti mchana.

"Lile sanduku kubwa liko wapi?" akaniuliza.

"La nini?"

"Nataka kuanza kupanga vitu. Nitatangulia nyumbani. Wewe utafunga huku, uje."

Nilikaa. Si kawaida yangu kukaa kando yake kwenye kizingiti, tulikuwa watu wa kuzungumza tukiwa tumesimama. Nilikuwa nimechoka. Nilichoka na ile sauti iliyokuwa masikioni mwangu, nilichoka kwa kujua kitu na kukilalia majuma mawili. Mimi si mtu wa kuomba msamaha. Sikufundishwa, na waliopaswa kunifundisha hawakujua pia.

"Mashine haina makosa," nikasema. "Viatu havina makosa. Nilitoa mipira nikapaka rangi, ili akina mama waone vinang'aa. Ni mimi."

Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa anauza sukumawiki, anaita, hakuna anayenunua.

"Najua," akasema.

"Unajuaje?"

"Si niliishika ile rangi? Nilijua hata kabla hujanivuta."

"Na hukusema?"

"Niseme nini, mama? Wewe ulikuwa hulali."

Baadaye nikamwuliza, "Kama unajua mashine ni nzima, mbona huingii chini yake?"

Aliangalia mikono yake. "Kujua najua. Ni miguu ndiyo haitaki. Nikifika pale katikati inakataa. Sasa mtu atabishana na miguu yake?"

Sanduku sikulitoa.

Siku iliyofuata nilianza kukwangua. Rangi ya fedha sasa ilikuwa imekauka vizuri, wakati haitakiwi tena. Nilikwangua kwa kisu, nikasugua kwa brashi ya waya, nikaingia kwenye kona za mfereji kwa msumari, mpaka vidole vikatoka damu na chuma kikarudi kuwa cheusi. Nikarudisha mipira. Fundi wa kuchomelea alikuja bila kuitwa, nadhani aliambiwa na mtu. Akachomelea ukingo mdogo mbele na nyuma ya kila mfereji, ili hata gari likisukumwa na kanisa zima lisipate pa kuteleza. Nilimngoja aseme lile neno la "nilikuambia". Hakulisema. Alivaa miwani yake akafanya kazi, akaondoka. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa mageti yake yote.

Pastor naye, nimpe haki yake, alikubali kurudisha basi. "Safari hii tutaliombea tukiwa mbali," alisema. Tulijaza ndani magunia ya mchanga, mengi kuliko abiria linaowabeba kwenda msibani. Mikono nilipanga mwenyewe, nikilala kifudifudi kuona kila kiatu kimekaa. Nikabonyeza kitufe. Mzee alikuwa kwenye kizingiti, mgongo ameuegemeza ukutani. Basi likapanda na mchanga wake. Nikalisukuma kwa bega. Halikwenda.

Nikamwangalia mzee. Mzee akaangalia mti wa jirani.

Basi, nilikwenda jikoni nikachukua kigoda, ungo na maharagwe ya kupika jioni. Nikaenda nikakaa chini ya basi, katikati kabisa, nikaanza kuchagua maharagwe. Mabaya nayatupa pembeni, mazuri kwenye sufuria. Juu yangu kulikuwa na basi na mchanga. Nisiseme nilikuwa jasiri. Miaka ile nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilipokaa pale niliona ni kivuli tu, na kuna baridi nzuri. Nilifikiri kidogo kuwa likishuka angalau nitakuwa nimekaa. Kisha nikafikiri juu ya soksi, nani atamvalisha, nikaacha mawazo hayo nikachagua maharagwe.

Watu walipita wakachungulia. Mama mmoja wa kanisa alisimama kwenye geti.

"Dada, unafanya nini huko chini?"

"Napika."

"Chini ya gari?"

"Nyumbani kuna moshi."

Akaenda kuwaambia wenzake. Mzee alikuwa pale pale. Alivuta sigara, ambayo daktari alimkataza pia. Jua lilitoka, la kwanza siku nyingi, likafika miguuni mwake, likapita. Chakula cha mchana hakikupikwa na hakuna aliyekiulizia. Maharagwe yaliisha kuchaguliwa. Nikayamwaga tena kwenye ungo, nikaanza upya, kwa sababu sikuwa na kazi nyingine ya kufanyia pale.

Alipoinuka, nilisikia mkono wake ukisukuma ukuta. Sikuinua kichwa. Nilisikia miguu ikija, ikasimama kwenye nguzo. Ilikaa hapo kwa muda. Nikaendelea. Kisha viatu vyake vikaingia mbele ya macho yangu, kimoja, halafu kingine, kamba hazijafungwa kwa sababu asubuhi ile nilikuwa na haraka.

Aliweka kiganja chake kwenye chesisi, akakiacha hapo, kama mtu anayepima homa. Kisha akainamisha uso kunitazama.

"Songa," akasema. "Umekalia mahali pa kazi. Na hii oili yao haijabadilishwa tangu vita."

"Spana ipi?"

"Niletee ile kubwa. Na karai."

Nikamletea. Alifanya kazi amesimama, mikono juu, akiguna, akimtukana dereva wa kanisa kwa maneno ambayo sitayaandika. Mimi nilisogeza kigoda hatua moja, sikutoka. Tone la oili likaanguka kwenye ungo, katikati ya maharagwe. Nikayatenga yaliyochafuka, nikaanza kuchagua tena.